Diski ya GB 40 iliyofanywa ya GB 3.2: kisa cha kompyuta ya karakana ya Keko

Mzee alinipigia simu kabla jua halijachomoza. "Fundi, kompyuta ya mashine imeanza kugonga. Inagonga kama mtu anayebisha hodi." Nikamuomba aizime palepale na asiiwashe tena hadi nifike.

Ilikuwa mwaka 2011, mwaka wa mgawo mkali wa umeme, na karakana yake ya samani ipo Keko, Dar es Salaam. Wengi pale wanachonga kwa mkono. Mzee alikuwa amenunua mashine ya mtumba kutoka Ulaya, ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, na ndiyo iliyokuwa ikitoa maua ya vitanda vya mninga na milango ya makabati. Mashine ilikuja na kompyuta yake: Pentium MMX, kumbukumbu ya MB 32, ubao mkuu wa mwaka 1997 wenye BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta na kutambua vifaa vyake) ya Award toleo 4.51PG, na mfumo endeshi wa MS-DOS 6.22. Diski yake ilikuwa ya GB 3.2. Ndani ya kasha kulikuwa na kadi moja ndefu ya ISA, aina ya kadi za zamani za kuchomeka kwenye ubao, na kutoka kwenye kadi hiyo ilitoka kebo nene iliyoziamuru mota zote za mashine.

Kadi hiyo ndiyo sababu ya kisa chote. Mtu wa kwanza aliyeona tatizo alimshauri Mzee anunue kompyuta nyingine. Ushauri huo ungefaa ofisini, lakini kompyuta zilizokuwa Kariakoo wakati huo hazikuwa tena na sloti ya ISA. Kubadili kompyuta kungelazimisha kubadili kadi, kubadili kadi kungelazimisha programu mpya, na programu mpya isingezielewa mota za zamani. Kwa hiyo kompyuta ilipaswa kubaki, na kilichopaswa kuondoka ni diski peke yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuokoa kilichomo. Diski inayogonga haihitaji kupimwa wala kukaguliwa makosa, kwa sababu kila dakika inayozunguka huenda ikawa ya mwisho. Niliichomoa nikaiunga kwenye kompyuta yangu ya Pentium 4, nikawasha Linux kutoka kwenye CD, nikaisoma kwa ddrescue. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka bila shida, kisha hurudi kwenye sehemu mbovu kuzijaribu tena na tena. Kufikia jioni nilikuwa na nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo: sekta 6,306,048. Zilizopotea zilikuwa chache, na zote ziliangukia upande wa D, yaani sehemu ya pili ya diski, ambako hakukuwa na faili lolote. Nililala vizuri usiku ule.

Kesho yake nilikwenda Kariakoo kutafuta diski ya IDE, aina ya zamani inayoungwa kwa kebo pana. Diski ndogo za zamani hazikuwepo, na zilizokuwepo zilikuwa zimechoka kuliko ile niliyotaka kuitupa. Zilizojaa madukani ni za GB 40 na GB 80, zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi. Nikachukua mbili za GB 40, za aina moja, zenye afya. Nilipofika Keko nikaunga mojawapo, nikawasha. Kumbukumbu ikahesabiwa, ukaja mstari wa kutambua diski ya kwanza, na hapo kompyuta ikaganda. Kibodi haikujibu. Nikazima, nikawasha, ikaganda palepale.

Fundi asiyelijua tatizo hili angeirudisha diski dukani akidai ni mbovu. Diski ilikuwa nzima kabisa. Ndani ya BIOS nikaweka kwamba hakuna diski ya kwanza, na kompyuta ikawaka kwa diskete bila taabu, huku diski ikiwa bado imeungwa. Kilichoshindwa kilikuwa hesabu ya BIOS.

Hesabu hiyo inafaa kuelezwa taratibu, maana ndiyo mzizi wa mipaka karibu yote ya ukubwa wa diski kwenye kompyuta za zamani. Zamani diski ilielezwa kwa namba tatu: silinda (miduara ya data), vichwa (vinavyosoma nyuso za diski) na sekta (vipande vya kila mduara). BIOS ilitengewa biti (tarakimu za 0 au 1) 10 za silinda, biti 8 za vichwa na biti 6 za sekta. Diski za IDE kwa upande wao zilijipangia biti 16 za silinda, 4 za vichwa na 8 za sekta. Kila upande peke yake ulikuwa na nafasi ya kutosha. Zilipokutana, kila namba ikalazimika kukubali kipimo cha yule mwenye kidogo: silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63. Zidisha, kisha zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 528,482,304. Huo ndio mpaka wa MB 528 uliowasumbua watu katikati ya miaka ya 1990. Hakuna aliyeupanga. Ulizaliwa kwa watu wawili kugawana biti bila kushauriana.

Dawa yake ilikuwa tafsiri. BIOS ikaanza kuidanganya DOS kwa nia njema: ikapunguza silinda na kuongeza vichwa. Diski ya Mzee, kwa mfano, yenyewe ilijieleza kuwa na silinda 6,256 na vichwa 16. BIOS ikaigawa silinda kwa 8 na kuzidisha vichwa kwa 8, DOS ikaambiwa silinda 782, vichwa 128. Jumla ni ileile. Kwa diski zinazozidi kiasi cha GB 4, BIOS za aina hii hutumia vichwa 255, na hapo mpaka ukasogea hadi 1,024 × 255 × 63, yaani GB 8.4. Zaidi ya hapo ikabidi uletwe wito mpya wa BIOS, yaani namna mpya ya kuiomba data, unaotaja sekta kwa namba moja tu, na DOS 6.22 haiujui wito huo. Tukumbuke hilo: kwa DOS ya Mzee, kinachozidi GB 8.4 kwenye diski yoyote ni mapambo.

Sasa kuhusu kuganda. BIOS ile ya Award ilipokuta diski kubwa ilichukua jumla ya sekta na kuigawa kwa 16 × 63, yaani 1,008, ili ipate silinda. Jibu ilitaka kuliweka kwenye biti 16, ambazo haziwezi kushika namba inayozidi 65,535. Silinda 65,535 ni sawa na GB 33.8. Diski ya GB 40 niliyonunua ilikuwa na sekta 78,165,360. Gawa kwa 1,008: silinda 77,545. Namba haikuenea, na BIOS haikuwa na njia ya kukiri hivyo, ikabaki imesimama. BIOS nyingi zilizotoka kabla ya katikati ya mwaka 1999 zina ugonjwa huu. Baada yake upo mpaka wa GB 137, uliotokana na biti 28 za namba ya sekta na ulioondolewa kwa kutumia biti 48, lakini huo haukutuhusu.

Nilikuwa na njia kadhaa mbele yangu.

Ya kwanza ni kuandika upya BIOS. Ndiyo dawa iliyo safi kuliko zote panapopatikana toleo sahihi. Ubao ule haukuwa na jina la kueleweka, na kupata toleo kwa kubahatisha kutokana na namba iliyo chini ya skrini ni jambo ninalolikataa. Tena, umeme ulikuwa ukikatika bila taarifa. BIOS ikikatikiwa umeme katikati ya kuandikwa, ubao umekufa, na ukifa huo, kadi ya ISA haina pa kukaa. Mashine ya mamilioni ingesimama kwa ajili ya jaribio la dakika mbili.

Ya pili ni programu za kukaa mwanzoni mwa diski, kama Ontrack Disk Manager au EZ-Drive. Hupakiwa kabla ya DOS na kuchukua kazi ya BIOS ya kuhesabu. Zimewaokoa wengi, na siwezi kuzisema vibaya. Lakini kwa BIOS inayoganda, ni lazima kwanza uiandikie kwa mkono vipimo vidogo vya diski ili isijaribu kuitambua yenyewe. Vipimo hivyo hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya ubao, na betri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa. Hata baada ya kuibadilisha, siku itakapokufa tena, BIOS itarudi kujitafutia yenyewe na itaganda. Wakati huo huenda mimi siko, na kijana anayeendesha mashine ataambiwa na fundi mwingine kwamba diski imeharibika. Atakayewasha kwa diskete ya kawaida naye ataona patisheni (migawanyo ya diski) za ajabu, na mwenye haraka atazifuta.

Ya tatu ni kadi ya PCI, aina iliyofuata ISA, yenye BIOS yake, kama zile za Promise. Nilizunguka Kariakoo siku nzima sikuipata. Kadi ya CompactFlash yenye adapta niliifikiria kwa uzito, kwa sababu ukubwa wake mdogo unapita chini ya mipaka yote, na kwenye kompyuta ya DOS isiyoandika sana ni chaguo zuri. Siku hiyo nilikosa adapta ya kuaminika. Diski nyingi za enzi ile pia zina jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) ya kuifanya ijitangaze kuwa ya GB 32 hivi. Lebo ya diski yangu haikuonyesha jampa kama hiyo.

Lakini wazo la jampa ndilo lililonipa njia. Jampa inafanya nini? Inaifanya diski yenyewe iseme namba ndogo. Na kuna namna ya kuiambia diski hivyo bila jampa. Tangu kiwango cha ATA-4 cha mwaka 1998, kanuni zinazofuatwa na diski za IDE, diski zina amri ya kuweka mwisho wa sekta unaotangazwa; kinachobaki nyuma ya mwisho huo hufichwa. Amri ikitolewa kwa namna ya kudumu, diski huihifadhi ndani yake hata ukiichomoa na kuipeleka kwingine. Haitegemei betri, haitegemei BIOS, wala haitegemei programu mwanzoni mwa diski ambayo mtu anaweza kuifuta. Hiyo ndiyo sifa niliyoitafuta: dawa ikae ndani ya kitu chenyewe kinachobadilishwa.

Nikarudi kwenye Pentium 4. Katika Linux amri ni fupi:

hdparm -N p65520000 /dev/sdb

Herufi p ndiyo inayosema iwe ya kudumu. Namba niliichagua kwa kuzidisha silinda 65,000 kwa 1,008, ili iwe chini ya 65,535 bila utata. Fanya kazi hii diski ikiwa imeungwa moja kwa moja kwenye ubao, kwani adapta nyingi za USB hazipitishi amri za namna hii. Na hakikisha mara mbili ni diski ipi, maana kuikosea diski ni kosa lisilosameheka.

Diski ikajitangaza kuwa ya GB 33.5. Nikaimwagia nakala niliyoiokoa, nikaipeleka Keko. BIOS ikaitambua bila kuganda. Kijana wa mashine akapiga makofi. Halafu DOS ikaanza kupakia, ikaandika mstari wake wa kwanza, na ikakwama.

Hapa palinichukua muda. Diski imeonekana, nakala ni kamili, kwa nini DOS isiwake? Nikachukua kipande cha mbao na penseli ya seremala, nikahesabu. Nakala ilitoka kwenye diski ambayo BIOS iliitafsiri kwa vichwa 128. Diski mpya ni ya GB 33.5, hivyo BIOS ileile inaitafsiri kwa vichwa 255. Kwenye patisheni na mwanzo wa diski kumeandikwa kwamba vichwa ni 128. Tuseme DOS inataka sekta ya 10,000. Kwa vichwa 128, kila silinda ina sekta 8,064, kwa hiyo itaomba silinda 1, kichwa 30, sekta 47. BIOS inapokea maombi hayo na kuyageuza kwa vichwa 255, ambapo kila silinda ina sekta 16,065, na inaleta sekta ya 18,001. Zile zilizo mwanzoni kabisa, ndani ya silinda ya kwanza, huangukia mahali sahihi kwa ramani zote mbili, na ndiyo maana DOS ilianza vizuri kabla ya kupotea. Ilikuwa inasoma mji mmoja kwa ramani ya mji mwingine.

Jibu la kawaida ni kuacha nakala ya sekta kwa sekta: tengeneza patisheni upya kwa FDISK, programu ya DOS ya kugawa diski, fomati, kisha nakili mafaili. Nikafanya hivyo. DOS ikawaka. Programu ya mashine ikafunguka, ikatazama huku na huku, ikadai diskete yake ya awali ya usakinishaji. Baadhi ya programu za enzi zile zilijilinda hivyo: zilificha faili mahali maalumu kwenye diski, na zikikuta faili limehama zinajua zimenakiliwa. Mzee akaileta diskete ile kutoka kwenye kabati lake, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na uso wake wa sumaku umeota ukungu. Haikusomeka hata nusu.

"Mwanangu," Mzee akasema, "ile ya zamani ilikuwa inatosha. Sikuomba kubwa."

Alikuwa anazungumzia nafasi, na alikuwa na haki. Mafaili yake yote hayakufika MB 100. Mimi ndiye niliyekuwa naipigania GB 33.5 kana kwamba kuna mtu anaihitaji, huku najua DOS yake haiwezi kuona zaidi ya GB 8.4. Kama diski inaweza kuambiwa iseme namba yoyote, kwa nini isiseme namba ya ile ya zamani, sekta kwa sekta? Ikijitangaza kuwa na sekta 6,306,048 kamili, itajieleza kwa silinda 6,256 na vichwa 16. BIOS itaitafsiri kwa silinda 782 na vichwa 128, kama ilivyozoea tangu 1997. Ramani iliyoandikwa ndani ya nakala itakuwa ya kweli tena, na faili lililofichwa litakuwa palepale lilipoachwa. Tatizo la kuganda, la vichwa na la programu yote matatu yanakwisha kwa namba moja.

Nikatoa amri mpya na diski ikaikataa. Hilo nalo linafaa kujulikana: amri ya kudumu hukubaliwa mara moja tu tangu diski ipewe umeme. Kuwasha upya kompyuta bila kuzima huenda kusitoshe. Zima kabisa, subiri, kisha washa. Pia zipo BIOS zinazofunga amri hii kila zinapowaka, na ukikutana nazo, hamia kwenye kompyuta nyingine. Ya kwangu haikuwa na kikwazo hicho. Nikazima, nikawasha, nikaandika:

hdparm -N p6306048 /dev/sdb

Nikaimwagia nakala, nikaenda Keko mchana, saa ambayo umeme ulitarajiwa kuwepo. BIOS ikaonyesha silinda 782, vichwa 128, sekta 63, ukubwa 3228. DOS ikapakia. Programu ikafunguka bila kudai kitu, ikiwa na michoro yote ya vitanda na makabati, hata ule ambao kijana alikuwa ameuacha nusu siku diski ilipoanza kugonga. Mota zikarudi nyumbani kwao, kisu kikashuka kwenye mninga.

Diski ya pili niliifanyia yote hayohayo jioni ileile, nikaijaribu kwenye kompyuta, nikaifunga kwenye kasha la plastiki na kumpa Mzee aiweke mbali na vumbi la mbao. Betri ya ubao niliibadilisha. Nakala yenyewe niliichoma kwenye DVD mbili, moja yake na moja yangu.

Kuna kitu kimoja kilichonipa wasiwasi katika njia hii, na bado naona ni udhaifu wake wa kweli: fundi atakayeifungua kompyuta siku nyingine ataona lebo ya GB 40 na BIOS inayosema GB 3.2, ataamini kuna kosa, na atataka kulirekebisha. Akizirejesha zile GB zilizofichwa, kompyuta itaganda siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilikata karatasi, nikaandika kwa wino usiofutika, nikaifunika kwa selotepu na kuibandika ndani ya mfuniko wa kasha, mahali ambapo mtu hawezi kuifikia diski bila kuisoma:

"Diski hii ni ya GB 40. Imefungwa kwa makusudi kwenye sekta 6,306,048 ili ilingane na diski ya awali. Usiifungue. Usitengeneze patisheni upya. Diski ya akiba anayo Mzee."